Karanga Zina Mwenyewe

Kofi la kwanza nililopigwa chuo kikuu lilinikuta bado nimeshika sanduku. Aliyenipiga hakuwa na hasira nami, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikuwa akizungumza na mwenzake habari za mpira, akanyoosha mkono, akanizaba, kisha akaendelea na mazungumzo pale alipoyaachia. Nilikuwa nimeteremka tu kutoka kwenye basi pale Kassapa, nje kidogo ya mji wa Lubumbashi, nywele zimechanwa, viatu vya baba miguuni. Kabla sijaufikia mlango wa bweni nilikuwa nimeshapigwa na watu ambao hata leo nikipishana nao njiani siwezi kuwatambua.

Huo ndio ulikuwa utaratibu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliitwa bleu, wa miaka ya juu aliitwa poil, na kwa majuma ya mwanzo wa masomo bleu alikuwa mali ya poil yeyote aliyepita. Alinyolewa kwa kipande cha chupa. Alipakwa usoni masizi ya sufuria na oili chafu ya gari mpaka mama yake asingemjua. Alitambaa kwa tumbo kwenda kula. Na hakuwa na jina. Kutaja jina lako lilikuwa kosa, na kumwita mwenzako kwa jina lake lilikuwa kosa kubwa zaidi. Serikali ilikwisha kutunyang'anya majina ya kanisani na ya msikitini, ikatuamuru tujiite kwa majina ya mababu. Mapoil wakaja wakachukua na hayo ya mababu. Mimi niliitwa Utumbo, kwa sababu walipouliza kazi ya baba nilijibu kwamba ana bucha mtaa wa Kamalondo, mjini.

Sisi ni Waislamu, asili yetu Maniema, wachinjaji tangu babu. Nimekulia kwenye damu na sikuiogopa. Lakini baba alikuwa na sheria zake. Mnyama haonyeshwi kisu. Hapigwi, hatishwi, wala hachinjwi mbele ya mwenzake. Analazwa kwa upole kuelekea kibla, jina la Mungu linatajwa, na kisu kinapita. Nilikuwa nimekuja kusomea udaktari wa mifugo, na baba alicheka sana kwamba yeye ataua na mimi nitaponya. Basi kilichonishtua pale chuoni hakikuwa kupigwa. Ni kule kuonyeshwa fimbo mchana kutwa. Kwa baba, ng'ombe alikuwa na heshima kuliko bleu.

Nami nina hasira za karibu, sikatai. Tena hasira zangu si moto wa mabua, zikishika zinakaa. Aliyenizuia nisimng'oe mtu koo juma lile la kwanza ni mwenzangu wa chumbani, bleu kama mimi, na somo letu moja. Alikuwa mwembamba, mpole wa maneno, kitinda mimba wa mjane mkulima wa Kasungami, upande wa pili wa mji. Watu wake ndio wenyeji wa ardhi ile. Walikuwa wakilima pale kabla mzungu hajajua kwamba chini kuna shaba. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba si mtu wa kukuletea peremende sikukuu kama kwetu. Mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Akiwasemea mema wanastawi, akiwanyamazia kwa uchungu wanakauka. Alinieleza hayo kwa utulivu, kama anavyokueleza mtu njia ya kwenda sokoni. Nilimcheka, naye akacheka pia.

Kitu alichonizidi kwa mbali ni masikio. Akiwa amelala kitandani aliweza kusema ni poil gani anayekuja kwenye korido kwa jinsi anavyokanyaga, na hakukosea. Katika somo letu la kwanza la vitendo profesa alituletea ng'ombe mzee, akatupa kile kifaa cha kusikilizia moyo tupokezane. Wengine tulisikia tumbo likinguruma, tukatikisa vichwa kama wajuzi. Yeye alikaa nacho muda, macho amefumba, kisha akasema kwa haya kwamba moyo ule unachelewesha pigo, unangoja, halafu unakimbilia. Profesa akasikiliza tena mwenyewe. Akamwambia, mbele yetu sote, kwamba masikio yale yatamlisha maisha yake yote, ayatunze. Siku ile alirudi chumbani akiwa amepigwa mara mbili njiani, lakini alikuwa anatabasamu.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na mfuko wa kitambaa ulioshonwa mdomo kwa uzi. Ndani mlikuwa na karanga za kukaanga. Harufu yake ilitoka hata kwenye kitambaa. Njaa ya bleu haina mfano, maana poil akikaa karibu yako mezani, nyama yako ni yake. Nikamwomba tufungue. Akakataa. Nikamwomba tena kesho yake, nikamwita bahili, nikamtajia Mungu. Jibu lake lilikuwa lilelile: zina mwenyewe, mama kamtumia mtu. Mtu gani, hakusema.

Mkubwa wa mapoil wote tulimwita Komanda. Alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa migodi, mtoto wa mfanyakazi wa migodi ya serikali kule Kambove, mrefu, shingo nene, abakost yake, ile suti ya Chama isiyo na tai, imepigwa pasi saa zote. Badala ya fimbo alibeba kipande cha mpira alichokata kwenye ule mkanda unaobeba mawe ya shaba mgodini. Mpira ule ukikugusa mgongoni, hulii mara moja. Unatafuta kwanza pumzi. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu la kuungua, kutoka kiganja hadi kiwiko, ngozi imeng'aa na kukunjamana. Sisi mableu tulilijua kovu lile kuliko uso wake, kwa kuwa macho yetu yalitakiwa kuangalia chini.

Alasiri moja walivamia vyumba. Walipindua magodoro, wakamwaga masanduku, wakachukua sabuni, sukari, viatu vya baba. Komanda mwenyewe aliingia chumbani kwetu, akatupigisha magoti, akautoa ule mfuko chini ya kitanda. Akaukata uzi kwa meno. Akaketi pale pale juu ya kitanda cha mwenzangu, akaanza kutafuna, akitupiga maganda usoni. Alikula kwa raha, mguu juu ya mguu. Alisema karanga hizi tamu, zinamkumbusha kitu, hakumbuki nini. Nilimtazama mwenzangu kwa pembe ya jicho nikidhani atalia. Alikuwa amevunja sheria, ameinua uso. Anamwangalia yule mtu anavyokula kama mama anavyomwangalia mtoto akinywa uji. Akapigwa mpira wa bega kwa kuinua uso, na hakuugua.

Walipotoka nililaani mpaka nikakauka mate. Karanga za watu zimeliwa, nikamwambia, utamwambia nini mwenyewe?

"Acha tu," akasema. "Zimeshafika."

Nikadhani kichwa kimemruka kwa kipigo.

Ikaja Jumamosi ya mahakama. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na nyuma ya mabweni kulikuwa na tope jekundu. Pale palisimama kichuguu kirefu kama nyumba, kama vilivyo vichuguu vya nchi ile, na juu yake Komanda alikuwa ameweka kiti. Tulitambaa kukizunguka huku tukiimba zile nyimbo za Chama ambazo nchi nzima ilikuwa ikichezeshwa makazini na mashuleni, za kumsifu Kiongozi. Aliyekosea maneno alikanyagwa kichwa tope likamwingia mdomoni. Kisha wakaanza kutupandisha juu mmoja mmoja. Hukumu ilikuwa moja: bleu asimame mbele ya wote amtukane mama yake mzazi, kwa sauti, kiungo kwa kiungo.

Nanyi mnajua kwetu tusi la mama ni nini. Watu wameuana kwa tusi la mama. Niliwaona vijana wenye ndevu, mmoja alikuwa mwalimu kabla ya kuja chuoni, wakisimama pale juu wakisema maneno yale huku machozi yanachora mistari kwenye masizi. Chini mapoil walikuwa wanakufa kwa kicheko. Mimi nilikuwa kwenye foleni nyuma ya mwenzangu wa chumbani, na sijui ningefanya nini. Zamu yangu haikufika.

Alipanda, akasimama. Komanda akamwamuru. Akasema hapana. Kicheko kikapungua. Komanda akamwamuru tena.

"Hapana," akasema. "Ile mama, siwezi."

Mpira ukapita mgongoni mara kadhaa. Akayumba, akasimama sawasawa. Ndipo Komanda akasema basi, kama bleu hana ulimi, yeye atamsaidia. Akamtukana yeye mwenyewe yule mama. Alitukana taratibu, kwa ustadi, kuanzia juu kwenda chini, akisimama kila baada ya neno ili watu wacheke. Sitayaandika. Mwenzangu alimngoja amalize, kisha akasema neno kwa sauti ndogo, sauti ya kumsihi mtu.

"Usirudilie ile maneno. Itakuletea mubaya."

Komanda alidhani anatishwa. Akatupa mpira chini, akampiga kofi la sikio kwa kiganja kilichokunjwa, lile kofi linalosukuma hewa ndani. Likasikika mpaka kwetu chini. Akampiga jingine palepale, na jingine, akiwa amemshika kichwa kwa mkono wa pili ili kisiyumbe. Damu ikatoka sikioni, nyembamba, ikashuka shingoni. Alipomwachia, mwenzangu aliporomoka ubavuni mwa kichuguu akatua mbele yangu, mdomo wazi, anatikisa kichwa kama aliyeingiwa na maji mtoni.

Baba alizoea kusema mwenye nguvu mpishe. Sikumpisha. Udongo wa kichuguu ukikauka ni jiwe. Nilikuwa na bonge mkononi kabla sijajua, nikapanda kwa miguu na mikono, nikampiga nalo Komanda mdomoni. Nilisikia jino likivunjika na nilifurahi. Nikampiga tena puani. Halafu wakanifikia. Walinishusha kwa miguu, kichwa kikigonga kila jiwe, wakanipiga mateke ya mbavu mpaka nikatapika, na mmoja wao akakanyaga mkono wangu wa kulia kwa kisigino na kuuzungusha, kama azimavyo mtu sigara. Kidole changu cha shahada hakikunyooka tena. Hata sasa nikishika kalamu kinaelekea kwingine.

Nesi wa chuo alimtia mwenzangu pamba sikioni. Daktari wa mjini, aliyemwona siku mbili baadaye, alisema ngoma ya sikio imepasuka. Huenda ikajifunga yenyewe, huenda isijifunge, tungoje. Yakaanza majuma ya kungoja. Kila asubuhi aliziba sikio zima kwa kidole, akaniambia niseme kitu. Nilisema. Aliniangalia midomo, akafumba macho, akaniambia niseme tena bila yeye kuniangalia. Kisha alitoa kidole akasema bado. Profesa alipotuletea tena ng'ombe, alikiweka kifaa masikioni, akainama, akakaa, akakivua akampa aliye nyuma yake. Chumbani alinieleza kwamba amesikia upande mmoja tu, na kwa kishindo cha upande ule hawezi kujua moyo unasema nini. Wakati huo usaha ulikuwa umeanza kutoka, na unanuka.

Nilikwenda kulalamika. Mkuu wa vijana wa Chama pale chuoni alinijibu kwamba mapokezi yale yanakomaza raia. Mwenye ofisi ya wanafunzi alisema hayo ni mambo ya watoto, tena nishukuru sijafukuzwa kwa kumvunja mkubwa wangu jino. Basi. Jumapili nilikwenda nyumbani Kamalondo, nikala bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa adabu, na wakati wa kuondoka nikachukua buchani kisu kidogo cha kuchunia, kile chembamba. Nilikiviringisha kwenye gazeti. Sikuwa natishia mtu. Nilijua kwa kazi ya nyumbani mahali panapopasuliwa na jinsi mkono unavyopita, nami nilikuwa nimeamua kwamba Komanda, tofauti na ng'ombe, atakiona kisu kwanza.

Jumatatu mchana, saa ya watu kwenda kula, nilikaa kitandani nikisubiri apite kwenye korido. Mwenzangu alikuwa na homa, amelalia ubavu wa sikio bovu. Aliona gazeti. Akaamka, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Usimuguse," akasema. "Ule ni mutoto ya yaya yangu."

Nikamuuliza yaya gani, dada yake yupi.

"Yaya yangu wa kwanza, wa Kambove. Karanga zilikuwa zake."

Ndipo akanieleza. Dada yake mkubwa aliolewa na mtu wa mgodini, na watoto wake wa kwanza walizaliwa kabla yeye hajazaliwa. Ndiyo maana mpwa alimzidi mjomba umri. Yule mpwa aliletwa Kasungami akiwa mdogo, akavuta chungu cha bukari motoni, maji yakamwagikia mkono, na bibi yake akamuuguza mpaka kidonda kikafunga. Kisha shemeji akagombana na ukweni, miaka ikapita bila kuonana. Mama yake alipomshonea ule mfuko alimwambia: mpwa wako yuko hukohuko chuoni, ni mkubwa sasa, mpe hizi, atakuangalia. Naye, aliyesimuliwa kovu lile nyumbani, alilijua tangu siku ya kwanza, wakati mkono ule umeshika kile kipande cha chupa ukimnyoa.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Neno moja tu lingetosha. Nilikuwa napiga kelele.

"Mujomba anaweza kujionyesha ku mupwa yake na kichwa ya kunyolewa, na masizi, anatambaa na tumbo?" akaniuliza. "Nilikuwa nangoja bamalize. Nivae suruali yangu, niende kumugongea mulango."

Nikamwambia ni mjinga. Nikamwambia heshima imemponza, na kwamba laiti si homa ningempiga mimi. Sikuwa natania. Nilikuwa nimepoteza kidole, yeye anapoteza sikio, kwa sababu ya suruali. Alinisikiliza kwa upande wake mzima, akachukua kisu, akakirudisha kwenye gazeti na kukilalia. Nje, Komanda alipita na kundi lake, tukamsikia akicheka.

Homa ilipozidi nilichukua baiskeli ya bucha, ile yenye kapu kubwa la nyama mbele, nikampakia nyuma. Tulivuka mji mzima, tukapita chini ya bomba la moshi la kiwanda cha shaba, mpaka lami ikaisha tukaingia kwenye mashamba ya Kasungami. Alikuwa ameegemeza paji la uso mgongoni kwangu. Shati langu lililowa kwa jasho lake na kwa kile kilichotoka sikioni.

Mama yake alikuwa akitwanga uani. Alikuwa mrefu, mkavu, mikono ya jembe. Hakupiga yowe. Alimshusha mwanawe, akamkalisha, akamgeuza kichwa kwenye mwanga, akanusa sikio. Akauliza nani. Mwanawe akasema ni mapokezi ya wanafunzi, kila mtu anapigwa. Akamsafisha kwa maji ya moto na chumvi, mkono mzito, na yule kijana aliyevumilia mpira wa mgodini akalia kama mtoto. Ndipo mama akauliza habari nyingine, kwa sauti ya kumliwaza.

"Mupwa yako ulimuona?"

"Nilimuona."

"Karanga alipata?"

"Alikula yote."

Uso wa mama ukafunguka. Akacheka kidogo, akaminya kitambaa. Halafu mkono ukasimama.

"Alors yeye alikuwa wapi wakati banakupiga?"

Mwanawe alijifuta sikio. Mimi niliangalia kuku. Yule mama alinyanyuka akanikamata shati kifuani, akanivuta mpaka pumzi zetu zikakutana, akanitikisa, akaniamuru niinue macho. Nikainua. Hakuhitaji kuniuliza zaidi. Aliniachia, akachukua mchi, akautwanga kwenye kinu kitupu mpaka kinu kikapasuka.

Kabla sijaondoka alinikamua yote, hata ya juu ya kichuguu, na siku zilizofuata akamtumia binti yake ujumbe kwa dereva wa lori la kwenda Likasi na Kambove. Mimi nilirudi masomoni. Nilikuwapo, basi, siku alipotokea mwanamke mfupi wa kitenge mbele ya bwalo, wakati wa chakula, akaulizia mwanawe. Komanda alitoka akitabasamu, jino halipo. Mama yake alilazimika kuruka ili amfikie. Alimzaba kofi, akamkamata abakost kwenye ukosi akamshusha, akamzaba mengine. Mapoil walianza kucheka, maana ilichekesha kweli, kisha wakaona uso wa mama, wakaacha. Wapo waliotazama chini kama mableu. Akamvuta mpaka kwenye gari aliloliomba, akaniona mimi nimesimama na mkono wenye bandeji, akaniamuru na mimi nipande. Sijui alijuaje. Labda kwa jinsi nilivyokuwa nafurahi.

Njia nzima Komanda alirudia sentensi moja, kwamba hakujua ni yeye. Hakujua. Angejua asingemgusa. Nilikuwa nimekaa mbele yake, kidole changu kimefungwa kwenye ubao, na nikafikiri: na mimi je, ulijua kwamba nina mama? Lakini wao walikuwa na shauri lao la ukoo, na kidole changu hakikuwa cha ukoo wao. Mpaka leo hakuna aliyekiomba radhi.

Uani Kasungami bibi yake, mama wa mwenzangu, alikuwa amesimama na mchi. Komanda alipiga magoti kabla hajaambiwa. Haikumsaidia. Mchi ulimshukia begani, ukamshukia mgongoni, palepale alipozoea kuwapiga wengine, na kila pigo yule mtu mkubwa alitoa sauti ya hewa ikitoka. Mama yake alisimama kando, mikono kichwani, asiingilie. Majirani walikuja uani. Nilitamani asiache. Nilihesabu mbavu zangu mwenyewe na nikatamani aongeze.

Alipochoka akakaa juu ya kinu kilichopasuka.

"Ile maneno ulisema kule yulu ya kichuguu, sema hapa," akasema. "Niko hapa."

Akakataa kwa kichwa. Mchi ukainuliwa. Basi akasema, kwa sauti ya kukatika, uso umeelekea tope, maneno yaleyale, mbele ya bibi aliyemuuguza mkono. Bibi aliyasikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akasema basi, sasa yamerudi yalikotoka, amwombe mjomba wake.

Jambo lililobaki, na wote pale walilijua, ni maji. Mjomba huchukua maji mdomoni akampulizia mpwa kichwani, na hapo neno limekwisha. Bila maji yale, mama wa Komanda alisema, mwanawe hatashuka mgodini. Ardhi haimpokei mtu mwenye damu ya mjomba mkononi, itamfunika. Na mafunzo yake ya chini ya ardhi yalikuwa yanaanza mwezi ule kule Kambove. Kikombe cha maji kikawekwa kwenye kigoda.

Mwenzangu alikuwa ameketi, amevaa suruali yake, shati jeupe, nywele zimeanza kuota. Komanda alisogea kwa magoti mpaka kwake.

"Mujomba," akasema, "unisamehe."

Mwenzangu aligeuza kichwa, akampa lile sikio bovu. Sikio zima akaliziba kwa kidole.

"Sisikie," akasema. "Sema tena."

Komanda akasema tena kwa sauti kubwa. Akajibiwa vilevile. Akapaza sauti, akajibiwa vilevile. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikasema moyoni, hiyo ndiyo, mkomoe, mpigishe kelele Kasungami nzima isikie, mfanye bleu. Komanda alikuwa anapiga ukelele sasa, mishipa imemtoka shingoni, unisamehe mujomba, unisamehe, mpaka sauti ikapasuka na watoto wa jirani wakacheka. Nami nikacheka. Nikamtazama mwenzangu ili tucheke pamoja.

Alikuwa amefumba macho. Paji la uso limekunjamana, mdomo wazi kidogo, kichwa kimeinama upande, vile alivyokuwa siku ya yule ng'ombe mzee. Hakuwa anamkomoa mtu. Alikuwa analijaribu sikio.

Nikaacha kucheka. Komanda naye, nadhani, aliuona uso ule wakati uleule. Akasogea karibu zaidi, akaweka mdomo wake wenye pengo kwenye sikio lile, akanong'ona maneno machache. Alichosema hakuna aliyekisikia, hata aliyeambiwa. Mwenzangu alingoja kidogo, akaitikia kwa kichwa kama amesikia, akatoa kidole, akachukua kikombe cha maji.